Friza la sola kwa biashara ya samaki: mwaka mmoja na nusu nalo hapa Lindi

Wenzangu wawili wa kikundi wameniomba niandike kuhusu friza langu, maana kila anayenitembelea huuliza maswali yaleyale: bei gani, betri inadumu, mvua ikinyesha inakuwaje. Naandika mara moja ili na wengine wasome. Nauza samaki hapa Lindi mjini tangu 1998. Nilianza na beseni kichwani, nikapata meza, na sasa nina wanunuzi wa jumla Masasi na Dar es Salaam. Nanunua ufukweni boti zinaposhusha, na kwa wavuvi wa Kitunda, ng'ambo ya hori. Kolekole, changu, chewa, nguru akipatikana, na pweza bamvua linapokuwa zuri.

Nianze na bei, najua ndiyo inayotafutwa. Februari 2024 nilitoa shilingi 3,650,000 kwa seti nzima: friza la mfuniko wa juu, lita 208, linalotumia umeme wa betri wa volti 24 moja kwa moja bila inveta (kifaa cha kubadili umeme wa betri uwe kama wa nguzo), paneli mbili za wati 300 kila moja, betri moja ya lithiamu ya volti 24 na ampea 100, chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unavyoingia kwenye betri), nyaya, fyuzi, stendi ya chuma ya paneli, na ufundi. Milioni mbili nililipa taslimu. Zilizobaki nilikopa vikoba nikarejesha kwa miezi 10. Kwa mtu wa meza ya samaki hizo ni hela nyingi sana, na sitaki mtu azitoe kwa kusikia tu kwamba mimi nimefanikiwa. Soma mpaka mwisho, yapo niliyoyapenda na yapo yaliyoniumiza.

Duka la sola nililonunua ni dogo, lina mlango wa kijani, na nje kuna paneli ya majaribio imeegemezwa ukutani na feni inazunguka. Nilikwenda mara ya kwanza nikiwa na hela kwenye pochi, nataka kuondoka na friza siku hiyohiyo. Fundi wa duka akanikatalia. Ni kijana wa miaka thelathini na kitu, ana adabu, aliniamkia, akanivutia kiti, akaniuliza, "Mama, kwa siku unagandisha kilo ngapi?" Nikamwambia inategemea bahari. "Na samaki wanaingia kwenye friza wakitoka kwenye barafu, au wakitoka juani?" Hapo nikanyamaza. Nimewahi kununua mafriza mawili ya umeme wa kawaida kabla ya hili, na hakuna muuzaji aliyewahi kutaka kujua ninachoweka ndani. Wao walitaja lita na bei, basi.

Akanipa kazi ya siku saba. Niandike kila siku kilo zilizoingia, saa zilizoingia, wametoka wapi, na mara ngapi nimefungua mfuniko wa friza la zamani. Baada ya siku saba angekuja nyumbani kuangalia paa.

Nilirudi nyumbani Mikumbi, nikafungua sanduku la chini ya kitanda, nikatoa daftari la baba.

Hapa nawaomba msinichoke, maana bila hili hamtaelewa kwa nini nimelipima friza langu namna nilivyolipima. Baba yangu alikuwa kibarua wa kupima maji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikaa misimu miwili Mto Rufiji, kule kwenye korongo la Stiegler, wakati Wanorwei wanagharimia uchunguzi wa bwawa kubwa la umeme. Mamlaka ya kuendeleza bonde lile, RUBADA, ilikuwa imeundwa 1975. Bwawa lilikusudiwa kutoa umeme, kuzuia mafuriko ya Rufiji na kumwagilia mashamba ya bondeni, yote kwa pamoja. Korongo lilibeba jina la Mzungu wa zama za Mjerumani aliyeuawa na tembo hapo mwaka 1907. Baba alikuwa akilitamka "Stigila", na habari ya yule tembo alitusimulia sana kuliko habari ya umeme, maana yeye mwenyewe aliwaona tembo wakipita nyuma ya hema lake usiku.

Kazi yake ilikuwa moja. Mtoni palisimamishwa rula ya chuma, imepakwa rangi nyeusi na nyeupe, na tarakimu zake kubwa. Kila siku saa 12 asubuhi na saa 12 jioni anateremka kwenye ukingo, anasoma maji yamefika wapi, anaandika. Kiboko akiwa karibu anasubiri, halafu anaandika na saa aliyochelewa. Makaratasi ya ofisi waliyachukua wenyewe, lakini baba alikuwa na daftari lake la shule, la mistari, ambamo alinakili kila kitu. Safu nne: tarehe, asubuhi, jioni, maelezo. Kwenye maelezo kuna maneno kama "mvua usiku", "maji mekundu", "gogo limegonga rula". Ukurasa mmoja una doa la mafuta ya taa.

Aliporudi Lindi alikuja na tochi, blanketi na habari. Ule umeme ungetosha nchi nzima na kubaki, megawati zaidi ya 2,000. Tulikuwa watoto, taa yetu ilikuwa kibatari, na baba alitusimulia habari za swichi. Tukangoja. Bwawa halikujengwa. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita ya Kagera, mafuta yamepanda bei, gharama ya bwawa kubwa mno, na wafadhili wakarudi nyuma. Na jambo ambalo baba alilielewa baadaye sana, akalikubali kwa shida: nchi yenyewe wakati ule haikuwa na matumizi ya kufikia hata robo ya umeme ule. Mkopo wa kujenga kitu kikubwa hivyo ungelipwa na nani, wakati taa zenyewe za kuwasha hazipo? Nguvu zikaenda kwenye mabwawa ya umeme ya Kidatu na Mtera, kwenye Ruaha Mkuu, na baadaye Kihansi. Maji yake yote hatimaye huingia Rufiji, lakini korongo la baba likabaki na tembo wake. Kila baada ya miaka michache redioni tulisikia mradi unafufuliwa, kisha kimya.

Watu wa kusini wataelewa, maana hiyo haikuwa mara ya kwanza kwetu. Baba alizaliwa upande wa Mkwaya, ndani ya hori, pale ilipoanzia reli ya mradi wa karanga kwenda Nachingwea. Karanga zenyewe zilikwama mapema, 1951 mradi ukafungwa, na reli ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baba aliona vyuma vinang'olewa. Na hivi sasa tunao mradi wa gesi wa Likong'o, ambao tumeusubiri mpaka watu wamejenga nyumba za wageni kwa ajili yake.

Baba alifariki 2011. Mpaka anaondoka, mtu akimwuliza habari za bwawa alikuwa analitoa lile daftari. Alinifundisha kusoma tarakimu kwa daftari hilo, na aliniambia, "Usiandike unachotarajia, andika unachokiona." Siku fundi aliponiambia nipime siku saba, nilinunua kaunta buku mpya nikachora safu nne zilezile.

Siku ya nane fundi alikuja. Alikaa mkekani akasoma ukurasa mzima kimya, halafu akasema friza nililokuwa nataka, la lita 300, ni kubwa kuliko ninavyohitaji. Wastani wangu ni kilo 15 mpaka 20 zinazoingia kwa siku, siku chache tu zinafika 40. Lita 208 zinatosha, na hela inayobaki niiweke kwenye betri. Tafakari hilo: muuza duka anakupunguzia friza. Kisha akapanda juani akaangalia paa. Upande wa mbele, nilipotaka paneli zionekane, akapakataa kwa sababu ya mwembe wa jirani. "Saa 9 kivuli kitafika hapa, Mama, na paneli moja ikifunikwa hata pembeni inaivuta na mwenzake." Akazifunga nyuma, juu ya jiko, zimeinama kidogo kuelekea kaskazini. Huku kwetu kusini ya ikweta jua kwa sehemu kubwa ya mwaka linapita upande wa kaskazini. Nimeishi miaka hamsini bila kulitazama hilo.

Sasa matokeo. Likiwa tupu, friza lilishuka kutoka joto la chumba mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri kwa saa tano hivi. Nilinunua kipimajoto cha elfu 15, chenye waya mwembamba, kichwa kiko ndani na kioo kiko nje, ili nisome bila kufungua. Ukinunua friza lolote, nunua na hicho. Kwa matumizi ya kawaida, kilo 15 zinazotoka kwenye deli la barafu zinaganda mpaka katikati kwa usiku mmoja. Kolekole wa kilo nne nampasua mgongo kwanza. Asubuhi betri hunionyesha imebaki asilimia 60 hadi 70, na kufikia saa 7 mchana imejaa tena. Kelele hakuna, unasikia mtetemo mdogo tu ukiweka mkono.

Kosa nililolifanya mwenyewe wiki ya tatu: boti zilirudi na changu wengi, bei ikashuka, nikanunua kilo 43 nikazijaza zote kwa mkupuo, wengine wakiwa na joto la juani. Daftari langu la siku hiyo linasema hivi: saa 10 jioni, chini ya sifuri 17. Saa 2 usiku, chini ya sifuri 4. Saa 12 asubuhi, chini ya sifuri 6, betri asilimia 18. Iliwachukua siku tatu kuganda, na wale wa katikati walilegea nyama, nikawauza kwa wakaanga samaki kwa bei ya hasara. Fundi alikuwa ameniambia wazi kilo 20 kwa siku, na zipoozwe kwanza kwenye barafu. Friza dogo haligandishi kwa kasi, linahifadhi kilichokwisha kupoa. Nikikutana na mwenzangu anayetaka kuacha kabisa kununua barafu kwa sababu ana sola, namwambia asiache. Deli lake bado ni la lazima, barafu kidogo ya saa mbili za kwanza inaokoa betri usiku kucha.

Jambo lingine dogo ambalo limenisaidia: nafasi yote iliyo tupu najaza chupa za lita moja na nusu zenye maji ya chumvi. Mchana wakati jua ni kali na betri imejaa, zile chupa zinaganda kwa umeme ambao vinginevyo ungepotea. Usiku zinatoa ubaridi wake taratibu. Hiyo ni betri ya pili, na haina gharama.

Halafu ikaja Mei 2024. Wote tunaukumbuka mwezi ule. Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala kwa siku upande huu na ule. Mimi nilikuwa na kilo 62 zimefungwa tayari, mnunuzi wangu wa Dar anasubiri, gari ya kupakia imeshapangwa. Umeme wa nyumbani ulikuwa unakuja na kuondoka, upepo umelaza migomba yote, na angani hakuna jua la kuchaji chochote. Nilifunga friza kwa kamba ili watoto wa mjomba waliokuwa wamekuja kujihifadhi kwangu wasifungue. Nikalifunika mablanketi mawili pande zote, isipokuwa ule upande wa injini unaohitaji hewa. Nikakaa na daftari.

Nanakili kama lilivyo. Tarehe 4 asubuhi, chini ya sifuri 18, betri 71. Jioni, chini ya sifuri 17, betri 52, upepo mkali, bati la jirani limetoka. Tarehe 5 asubuhi, chini ya sifuri 16, betri 33. Jioni, chini ya sifuri 15, betri 29, mawingu, paneli zimeingiza kidogo. Tarehe 6 asubuhi, chini ya sifuri 13, betri 14, mvua. Hapo nikalizima mwenyewe ili betri isifike chini kabisa, kama fundi alivyonielekeza. Jioni, limezimwa, chini ya sifuri 11. Tarehe 7 asubuhi, chini ya sifuri 8. Saa 4 jua limetoka, nimewasha. Jioni, chini ya sifuri 12, betri 40.

Tarehe 6 usiku sikulala. Nilikuwa na deni la vikoba, kilo 62, na kipimajoto kinachopanda. Niliteremka kitandani mara nne kwenda kukitazama kwa tochi. Na katika kusimama pale gizani nilimwona baba kama alivyokuwa akitusimulia, saa 12 jioni ukingoni, mafuriko yanapanda kwenye rula na yeye hana la kuyafanya maji, ana la kuandika tu. Samaki wangu hawakuyeyuka. Barabara ilipopitika niliwapakia wote, kilo 62, na mnunuzi alipowafungua Dar alinipigia kuniuliza nimewavua lini.

Hilo moja limelipa friza zaidi ya umeme wote nilioukwepa. Na hapa nataka kusema kweli kuhusu hesabu, kwa sababu wauzaji wengi wa sola wanaipotosha. Friza langu la zamani lilikuwa linakula luku ya elfu 30 hivi kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000. Ukitaka milioni 3 na laki 6 zirudi kwa kuokoa luku peke yake, utasubiri miaka 10, na betri sijui kama itafika huko ikiwa na nguvu ileile. Kilichonirudishia hela ni samaki wasiooza. Mwaka 2023, kabla ya sola, nilipoteza mzigo mara nne umeme ulipokatika usiku kucha, na mara moja zilikuwa kilo 48 za changu, karibu shilingi 384,000 kwa asubuhi moja, nikazifukia mchangani kwa sepetu. Tangu Februari 2024 nimeharibikiwa mara moja tu, ile ya wiki ya tatu, kwa haraka yangu. Kama biashara yako haina kinachooza, umeme ukiwepo kwako mara nyingi, usinunue. Nunua taa na betri ndogo, inatosha.

Kilichoniumiza ni Agosti 2024. Chaji kontrola ilikufa. Asubuhi taa yake ilikuwa nyekundu, mchana betri haiingizi kitu. Waranti ni mwaka mmoja na fundi alikuja siku hiyohiyo, akafungua, akathibitisha, akakubali kosa ni la kifaa. Lakini dukani hakikuwepo kingine, ikabidi kiagizwe, na kilichukua siku 11. Siku 11 nimenunua barafu ya elfu 8 mpaka elfu 12 kwa siku, nimepunguza ununuzi, na wateja wa Masasi wawili wakaenda kwa mtu mwingine. Mmoja hajarudi mpaka leo. Nilimwambia fundi kwa uchungu, na niliandika kwenye daftari lake la malalamiko, ukurasa mzima: anayeuza vifaa kwa watu wa samaki lazima awe na kontrola ya akiba kabatini, hata ikiwa moja. Alinisikiliza akiwa amesimama. Mwezi uliofuata niliiona kabatini, imeandikwa "ya dharura". Namshukuru kwa hilo, ila zile siku 11 bado nazihesabu kwake.

Kingine ni chumvi. Nyumba yangu haiko mbali na bahari, na bawaba za mfuniko zilianza kutu mwezi wa sita. Stendi ya paneli imeshika vizuri kwa sababu ilipakwa rangi mara mbili, lakini zile skrubu za kontrola zilichanua kijani. Sasa kila mwisho wa mwezi nafuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mpira wa mfuniko nao unahitaji kuoshwa kwa maji ya sabuni, magamba ya samaki yakiganda pale mfuniko haufungi sawasawa na hewa inaingia bila wewe kujua. Paneli nazifuta kila Ijumaa asubuhi kabla jua halijawa kali. Vumbi na mavi ya kunguru vinapunguza sana, nimelinganisha siku ya kufuta na siku ya kutofuta, betri inajaa nusu saa mapema.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, kwa nini nisingoje umeme mkubwa, si bwawa limeshawaka? Ni swali la haki, na lilinigusa kuliko alivyojua. Ndiyo, limejengwa. Jiwe la msingi liliwekwa Julai 2019, maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza ukaingiza umeme Februari 2024, mwezi uleule niliofungiwa paneli. Nilisikia redioni fundi akiwa juu ya paa langu. Nilimwomba anyamazishe nyundo. Mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, mahali palepale baba alipokuwa akisoma rula. Nililia, na sioni aibu kusema. Leo mitambo yote imekamilika, na linaitwa Bwawa la Julius Nyerere.

Lakini umeme hauruki kama kunguru. Kutoka bwawani nyaya kubwa za kilovolti 400 zinakwenda Chalinze, na kutoka hapo ndipo zinagawanywa. Lindi na Mtwara kwa miaka mingi tumekuwa na umeme wetu pembeni, majenereta ya dizeli kwanza, kisha gesi ya Mnazi Bay inayochomwa Mtwara. Umeme mwingi ukiwa Chalinze, mimi wa Mikumbi bado nahitaji nguzo iliyosimama vizuri, transfoma isiyozidiwa, na waya usiopita kwenye matawi ya mwembe. Hayo hayakuwemo kwenye daftari la baba. Yeye alipima mto tu. Na samaki wangu wanaoza kwa usiku mmoja.

Nikisafirisha mzigo mwenyewe huwa namwomba dereva apunguze mwendo pale Daraja la Mkapa, juu ya Mto Rufiji. Baba alipita hapo chini kwa pantoni ya Ndundu, kabla daraja halijajengwa. Nayatazama maji. Nawafikiria na wavuvi wa kamba wa delta kule chini, maana kamba wanataka maji matamu yanayokuja na mafuriko yachanganyike na ya bahari kwenye mikoko. Baba alikuwa akisema ukiufunga mto juu, baharini watajua. Yeyote anayefungua na kufunga milango ya bwawa lile, namwomba awe na mtu wa kusimama ukingoni kule delta, asubuhi na jioni, na daftari.

Kwa hiyo uamuzi wangu juu ya friza na duka: ningenunua tena, kwa fundi huyuhuyu, kwa sababu alipima kabla hajauza. Namkata alama kwa zile siku 11. Ukienda, usiende na hela siku ya kwanza. Nenda na kilo zako za wiki nzima zimeandikwa, na umwonyeshe paa lako saa 9 alasiri, wakati vivuli vimeshaanza kulala. Mwulize kwa sauti kama kontrola ya akiba ipo, akufungulie kabati uione.

Anayetaka kuja kuliona aje Mikumbi baada ya saa 4 asubuhi, kabla ya hapo niko ufukweni. Daftari liko juu ya friza na kalamu imefungwa kwa uzi. Leo saa 12 asubuhi: chini ya sifuri 19, betri 66, kilo 31 ndani, kusi inavuma.